Dele la shaba: kulinunua, kulisafisha na kuliuza kwa faida

Faida ya vyombo vya zamani hupatikana siku ya kununua. Madele (birika za kahawa), masinia na masufuria mazito ya shaba hutoka kwa familia zinazohama au kugawana mirathi, na kwenye yadi za chuma chakavu. Kwa kuwa yadi huuza kwa kilo, ulizia kwanza kilo ya shaba inakwendaje: chombo hakishuki chini ya hapo hata kikiwa kimepasuka.

Nenda na sumaku, mizani ya kuning'iniza na tochi. Sumaku ikinasa, ni chuma kilichovishwa rangi, kiache. Isiponasa usishangilie bado, maana alumini nayo hainasi. Lakini shaba ni nzito takribani mara tatu ya alumini yenye ukubwa uleule, na mkono hautadanganyika.

Dele huugua pawili: shina la mdomo na kitako. Lijaze maji, liweke juu ya gazeti kavu, subiri nusu saa; gazeti likilowa, linavuja. Dele likisahauliwa motoni likiwa tupu, lehemu huyeyuka na mdomo ukaachia. Hilo fundi analiweza. Kitako chenye kiraka ni habari nyingine. Hapo toa bei ya kilo, basi. Angalia pia kama kifuniko ni chake: kinakaa bila kucheza, na bawaba haina lehemu mpya inayong'aa.

Tuseme litauzika shilingi 120,000, fundi 15,000, usafiri 10,000. Zinabaki 95,000; usinunue zaidi ya nusu yake, kwa sababu dele laweza kukaa rafuni miezi.

Kwenye kusafisha ndiko wengi wanakoharibu. Loweka ukwaju, gramu 100 kwa nusu lita ya maji ya uvuguvugu, upake kwa kitambaa, ngoja dakika kumi, suuza na ukaushe papo hapo. Ukiliacha usiku kucha, asidi hula zinki iliyochanganywa kwenye shaba ya njano, nayo hubaki na mabaka ya waridi. Msasa na brashi ya waya ni marufuku. Weusi ulio ndani ya nakshi uache palepale: mnunuzi anayejua anaulipia.

Sufuria ya shaba nyekundu ichungulie ndani. Utando wa bati ukiwa umeisha na wekundu unaonekana, ndimu na nyanya zitayeyusha shaba ndani ya chakula. Itiwe bati upya, la sivyo iuze kama pambo na umwambie mnunuzi hivyo. Dele lenye lehemu usiyoijua liuze vivyo hivyo, kwani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Piga picha mchana, kivulini, kitako na kasoro zote zikionekana, rula ikiwa kando. Andika uzito na kimo. Mnunuzi akiwa ng'ambo, kumbuka sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964: kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 hakitoki bila kibali. Unapofunga mzigo, jaza magazeti ndani ya dele, uzungushie mdomo kitambaa kinene, na ulilaze mdomo ukitazama juu.