Kuendesha bodaboda katikati ya malori msimu wa korosho Mtwara, hatua kwa hatua

Wakuu habari zenu. Hii naiandika kwa ajili ya madogo wanaoanza bodaboda hapa Mtwara, maana kuanzia Oktoba minada ya korosho ikishafunguliwa barabara zetu zinabadilika kabisa. Miezi mingine unapiga tripu Ligula mpaka sokoni bila presha yoyote, ila msimu ukiingia unakutana na semi (yale malori marefu ya kuvuta tela) za korosho zinaenda maghalani na bandarini, kuna za saruji ya Dangote zinatoka kule Msijute, kuna za makaa ya mawe kutoka Ruvuma, na humohumo bajaji, daladala na sisi. Mi nipo kijiweni mwaka wa tisa sasa na nachotaka mkishike ni kimoja, usikae sehemu ambayo dereva wa lori hakuoni. Mengine yote yanaanzia hapo.

Hatua ya 1: Pikipiki, kabla hujatoka nyumbani

Upepo, breki, cheni, taa. Hizo mnazijua, cheni ukiibonyeza kwa kidole ichezecheze kama sentimita 2 hadi 3, ikizidi hapo kaza. Kitu ambacho wengi hawaangalii ni taa ya breki. Fanya hivi, alfajiri kukiwa bado na giza rudisha pikipiki mgongo uelekee ukutani, kanyaga breki ya mguu, ukuta uwe mwekundu, halafu achia, bana ya mkono, ukuta uwe mwekundu tena. Kama hauwaki ujue kutwa nzima mtu wa nyuma yako hajui unasimama saa ngapi. Taa ya mbele washa hata mchana wa jua kali.

Na saitimira jamani zirudisheni. Najua mnazing'oa kwa sababu zinakwaruza magari kwenye foleni, ila kama pikipiki haipiti na saitimira zake basi hapo si pa kupita.

Hatua ya 2: Helmeti

Iwe inabana mashavu, ukitikisa kichwa isicheze, na mkanda ufungwe. Helmeti iliyowekwa tu juu ya kichwa bila kufungwa inaruka kabla wewe hujafika chini. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha helmeti inapunguza majeraha ya kichwa kwa karibu 69%, na hiyo ni pamoja na ya abiria, kwa hiyo ile ya pili isikae imening'inia kwenye usukani, mvalishe.

Hatua ya 3: Lori. Hapa soma polepole

Mwaka wangu wa pili nilikuwa nyuma ya semi, tunaelekea bandarini, mbele kuna kona ya kushoto. Semi ikasogea kulia, nikaona kushoto nafasi imefunguka kubwa tu, nikajua suka, yaani dereva, ananipisha, nikaingia. Kumbe hanipishi. Dereva wa semi akitaka kukunja kushoto anavuta kichwa cha lori kulia kwanza ili apate upana wa kona. Kichwa kikageuka, na tela likaanza kuja upande wangu. Tela halipiti pale kichwa kilipopita, matairi yake ya nyuma yanakata kona kwa ndani, kwa hiyo ile nafasi niliyoiona inazidi kuwa ndogo kila sekunde. Niliziona nati za rimu zinazunguka pembeni ya goti langu, naziona mojamoja, nikaachia pikipiki nikajirusha mtaroni. Rimu ya mbele ilitoka chini ya tela imekunjwa nusu. Namshukuru Mungu sikuwa na abiria, na yule dereva alishuka anatetemeka kuliko mimi, aliniapia hakuniona kabisa, na sasa hivi najua alikuwa anasema kweli.

Kwa hiyo fanya hivi:

Usimpite semi kushoto, hata kama amesimama, hata kama foleni yote inatanua kushoto. Usukani wa magari yetu uko kulia, dereva amekaa kulia, kwa hiyo ule ubavu wa kushoto ndo anaouona kidogo kuliko yote.

Ukiwa nyuma yake tafuta uso wake kwenye kioo chake. Ukiona macho yake na yeye anaweza kukuona. Usipoona, rudi nyuma mpaka uone.

Indiketa usizitegemee, msimu huu zimejaa vumbi na nyingine zimekufa. Angalia tairi la mbele la kichwa, likianza kupinda ndo huko anakoenda. Na mkiwa mmesimama ukasikia ile pssss ya upepo wa breki, jua ameachia, anaondoka sasa hivi.

Halafu ule mtindo wa kupenya mpaka mbele na kusimama puani kwa lori uacheni. Kichwa cha semi kiko juu, ukisimama karibu na bampa dereva anaona barabara ya mbele yako, wewe uko chini ya kioo chake. Kama lazima usimame mbele basi sogea mbele kabisa mpaka akuone.

Hatua ya 4: Acha nafasi

Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Yaani ukigeuza shingo kumwangalia mtu anayekupungia mkono sekunde moja, umeshapita mita 14 hujui nini kipo mbele. Chagua nguzo ya umeme, gari la mbele likiipita anza kuhesabu elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Ukiwa na abiria na kiroba ongeza.

Breki tumia zote mbili, ya mkono ibane taratibu halafu uongeze, usiipige ghafla, na uwe umenyooka. Kwenye kona punguza kabla hujaingia. Mnajua mchanga wetu, kila njia ya vumbi inapoungana na lami kuna mchanga umemwagika, tairi likiwa limelala hapo haulinyanyui. Na ile mvua ya kwanza ya mwishoni mwa mwaka, ikianza kudondoka tu, vumbi na dizeli vinachanganyika lami inakuwa kama imepakwa sabuni, mi huwa nasimama kijiweni nasubiri inyeshe kwanza ioshe barabara.

Hatua ya 5: Kupenya kwenye foleni

Penya magari yakiwa yamesimama tu, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, vidole viwili tayari kwenye breki. Yakianza kusogea ingia kwenye mstari utulie. Ukipita pembeni ya daladala iliyosimama tegemea konda kuruka au mama na ndoo yake kutokea mbele ya bampa, maana wanatokea kweli.

Hatua ya 6: Jua la jioni

Ukienda Mikindani jioni jua linakupiga usoni, hilo unaliona mwenyewe na unapunguza. Hatari iliyojificha ni ukirudi mjini. Jua liko mgongoni, wewe unaona vizuri kabisa, ila anayekuja mbele yako lipo machoni kwake na wewe uko ndani ya mwanga huo. Akitaka kuovateki anaweza kukujia moja kwa moja akidhani barabara ni nyeupe. Muda huo nakaa kushoto kwenye mstari wangu na mwendo napunguza.

Hatua ya 7: Abiria

Mshikaki hapana, wawili wakija waite bajaji. Akisema "wahi wahi nimechelewa" mjibu kwa upole na uende mwendo wako. Mi kabla sijaondoka nasema, "Mama shika vizuri, tukikata kona egemea na mimi, na tukifika usishuke mpaka nikwambie." Nikifika natoka kwenye lami kabisa, naangalia saitimira, halafu namwambia ashuke kushoto, kwa sababu kulia kuna magari, na bomba la moshi kwenye pikipiki zetu nyingi liko hukohuko kulia, limetoka kutembea na linababua ngozi ya mguu hapohapo.