Kujiandaa kwa Mwaka Mmoja wa Masomo Ughaibuni

Mwanafunzi wa chuo kikuu akishapata nafasi ya kusoma nje ya nchi kwa mwaka mmoja, mawazo yake hukimbilia tiketi na begi, ilhali jambo linalostahili kutangulia ni siku atakayorudi. Siku hiyo atakuwa na matokeo ya chuo kingine mkononi, na idara yake itaamua kama matokeo hayo yanahesabiwa katika shahada yake au la. Nimemwona mwanafunzi hodari akirudia kozi mbili alizokwisha kuzifaulu ugenini, kwa sababu tu ahadi ya kuzitambua alipewa kwa mdomo na mhadhiri ambaye baadaye alihama idara. Kwa hiyo, kabla ya kulipia chochote, pata makubaliano ya maandishi yenye sahihi ya mtu mwenye mamlaka ya kuidhinisha, ambaye mara nyingi ni mkuu wa idara au wa kitivo, wala si ofisi ya wanafunzi wa kimataifa peke yake.

Programu ya kubadilishana wanafunzi ya Erasmus, iliyoanzishwa Ulaya mwaka 1987, ina utaratibu mzuri wa kuiga hata kwa asiyesafiri chini yake: mwanafunzi, chuo anachotoka na chuo anachokwenda hutia sahihi hati moja inayotaja kozi zitakazosomwa na krediti zake, yaani vipimo vya uzito wa kila kozi, na mwaka mzima wa masomo huhesabiwa kuwa krediti 60. Ukiiandaa hati kama hiyo, usilinganishe majina ya kozi tu. Fungua maelezo ya kila kozi, uyaweke mawili mawili, ya chuo chako na ya chuo cha kule, kisha usome mada za kila wiki, saa za mihadhara, vitabu vinavyotakiwa, lugha ya kufundishia na jinsi mitihani inavyotolewa. Kozi mbili zinaweza zote kuitwa Utangulizi wa Takwimu, huku moja ikiishia kwenye wastani na michoro, na nyingine ikidai hesabu za uwezekano ambazo hujawahi kuzigusa. Ongeza kozi mbili au tatu za akiba zilizoidhinishwa pia, kwa kuwa ratiba hubadilika na darasa likijaa utahitaji pa kukimbilia. Maelezo hayo yote yahifadhi kama faili, maana tovuti za vyuo husasishwa na mtaala wa mwaka wako unaweza kutoweka.

Kwa kawaida miezi 12 kabla ya safari si mapema mno. Matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL hutumika kwa miaka 2, hivyo hakuna hasara kuufanya mtihani mapema, na ukikosa alama zinazotakiwa utabaki na muda wa kurudia. Pasipoti iwe na uhai unaovuka tarehe ya kurudi, ikiwezekana kwa miezi 6 au zaidi. Hapo hapo, weka mezani pasipoti, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya masomo, ulinganishe jina lako herufi kwa herufi. Herufi moja iliyozidi, au jina la kati lililoandikwa hapa na kuachwa pale, inaweza kuyakwamisha maombi ya viza, na kuirekebisha huchukua wiki nyingi kuliko mtu anavyodhani. Ukiambiwa nyaraka zako zithibitishwe kisheria, uliza kama nchi hizo mbili ni wanachama wa Mkataba wa The Hague wa 1961 unaorahisisha kutambuliwa kwa nyaraka za nchi nyingine; zikiwa hivyo, apostili, yaani uthibitisho unaotolewa na mamlaka ya nchi ilikotoka hati, hutosha badala ya kupitia ubalozini.

Viza huja baada ya barua ya udahili, na kila nchi ina mlango wake. Wanafunzi wengi wa kubadilishana wanaokwenda Marekani hutumia viza ya J-1, ambayo huanza na fomu DS-2019 kutoka kwa programu inayokupokea, kisha ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ndipo usaili ubalozini. Uingereza huanza na namba ya uthibitisho wa udahili inayotolewa na chuo. Ujerumani hutaka ushahidi kwamba utaweza kujikimu, na njia iliyozoeleka ni akaunti maalumu iliyofungwa: tangu Septemba 2024 kiwango chake kwa mwanafunzi ni yuro 11,904 kwa mwaka, na fedha hizo hutolewa yuro 992 kila mwezi. Asikudanganye mtu kwamba viza ya utalii itakufikisha kisha utaibadilisha. Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, huruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180, na mwaka wa masomo hauingii humo. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo yasome kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe, si kwa aliyesafiri miaka mitatu iliyopita.

Katika bajeti, mwezi wa kwanza utenge peke yake. Amana ya chumba, kodi ya mwanzo, bima, ada za usajili, vitabu na vyombo vya nyumbani hudondoka kwa pamoja, tena kabla fedha za ufadhili hazijaingia. Usitume amana kwa mwenye nyumba ambaye hakuna mtu unayemwamini aliyekwenda kuona chumba chake. Ni afadhali ukae bweni la chuo kwa muhula mmoja hata kama ni ghali kidogo. Usiutegemee pia mshahara wa kibarua, kwa sababu sheria huweka mipaka: Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Lipo na jambo dogo ambalo wengi hulisahau. Benki yako hutuma namba ya siri kwenye simu kila unapofanya muamala, na laini ikizimika ukiwa ugenini, fedha zako utaziona kwenye skrini bila kuweza kuzigusa. Hakikisha kabla ya kuondoka kwamba laini hiyo itapokea ujumbe nje ya nchi, na uijaribu tena siku ya kwanza ukifika.

Upande wa afya, soma bima inalipia nini, hasa meno, miwani na magonjwa uliyokuwa nayo kabla, na huduma ambazo bima haizigusi zimalize nyumbani. Mwenye dawa za kila siku abebe barua ya daktari yenye jina la kitabibu la dawa, si la kibiashara tu, na achunguze kama inaruhusiwa aendako; Japani, kwa mfano, hukataza baadhi ya dawa ambazo kwingine ni za kawaida. Nalisema na la upweke, kwa sababu nalijali: wiki za katikati ya muhula wa kwanza, mambo mapya yanapokwisha, huwa ngumu hata kwa wachangamfu. Jua mapema ofisi ya ushauri nasaha ya chuo cha kule ilipo na jinsi ya kupata miadi.

Ukifika, jisajili kwa mamlaka za mahali ndani ya muda uliowekwa, na kozi yoyote ikibadilika, iandikie idara yako wiki hiyo hiyo na usubiri jibu la maandishi. Mwaka ukielekea ukingoni, omba hati ya matokeo yenye muhuri, uulize itatoka lini na itatumwa kwa nani, na usingoje siku ya mwisho kulipa deni la maktaba, kwa maana vyuo vingine huzuia matokeo ya mwenye deni.