Bia, mbege na mvinyo wa Dodoma: namna ya kuvifurahia nyumbani kwa gharama ndogo

Katika nyumba nyingi za Tanzania kreti ya bia huwekwa jikoni karibu na jiko, au kibarazani panapopigwa na jua la saa tisa, na jioni ikifika mnywaji hukilalamikia kiwanda kwamba bia yake siku hizi haina ladha. Mimi huanza kwa kuuliza kreti ilikaa wapi. Joto huichosha bia, na mwanga huigeuza harufu, kwa sababu miale ya jua hupambana na uchungu unaotokana na maua ya hopsi na kuacha harufu ya kuudhi ambayo haitoki hata bia ipoe namna gani. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, lakini ya kijani huzuia kidogo tu, na isiyo na rangi haizuii karibu chochote. Kwa hiyo kreti na ikae mahali penye giza na ubaridi, kwa mfano stoo au chini ya kitanda katika chumba kisicho na dirisha la magharibi, chupa zikiwa zimesimama wima. Kabla ya kununua, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, maana bia nyingi tunazokunywa ni laga, yaani bia inayochachushwa kwenye ubaridi, na laga haiboreki kwa kukaa.

Anayenunua kreti nzima kwa wakala hulipa kidogo kwa kila chupa kuliko anayekunywa baa, mradi arudishe kreti na chupa tupu ili asilipie upya amana yake. Huo ndio unafuu halisi wa kunywa nyumbani. Hata hivyo unafuu huo hupotea bia ikinywewa vibaya. Mhudumu wa baa hukuuliza, "Ya moto au ya baridi?", na wapo wazee ninaowaheshimu ambao hawataki kabisa ya baridi. Kwa laga nyepesi, hata hivyo, nyuzi 4 hadi 7 za Selsiasi huipa uchangamfu wake, na kama umeme umekatika, jaza ndoo barafu na maji, tia chumvi viganja viwili, kisha zamisha chupa: chumvi hushusha joto la maji hadi chini ya sifuri, na baada ya dakika 15 au 20 bia iko tayari. Usiisahau kwenye friza, kwa sababu kinywaji kikiganda hutanuka na chupa hupasuka.

Glasi nayo ina neno lake. Mafuta kidogo ya sahani ya pilau yakibaki kwenye glasi, povu hufa mara moja na bia huonekana kama imelala tangu jana, kwa hiyo osha glasi za bia peke yake, zisuuze sana, na ziache zikauke zenyewe bila kufutwa kwa kitambaa cha jikoni. Mimina ukiwa umeiinamisha glasi, na unapokaribia kujaza uisimamishe ili povu la vidole viwili lipande juu. Bia hiyo huenda vizuri na mishkaki, na kitimoto, na hata maharage yaliyoungwa kwa nazi.

Ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga wa Kilimanjaro, kwa sababu ndiyo pombe ya nyumbani inayomlipa vizuri mtu mwenye subira. Wahaya wa Kagera wana rubisi, ambayo ndizi zake mbivu hukamuliwa bila kupikwa na kuchachushwa kwa mtama, na Iringa na Njombe wana ulanzi unaogemwa kwenye mianzi wakati wa mvua. Mbege hupikwa, na kwa mtu anayeanza kupika katika nyumba ya mjini kupikwa huko ni faida kubwa.

Anza na kimea, kwa kuwa ndicho kinachochukua siku nyingi. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje maji, uutandaze kwenye gunia safi lenye unyevu, uufunike, na uunyunyizie maji asubuhi na jioni hadi uchipue, kama siku mbili au tatu. Kisha uanike juani ukauke kabisa na uupeleke mashineni. Ukiona ukungu wa kijani, mweusi au wa waridi, tupa ulezi wote bila kuuonea huruma, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kupikwa wala kwa kuchachuka.

Wakati ulezi unachipua, vundika ndizi hadi ganda liwe la njano lenye madoa meusi na ndani ziwe laini na tamu. Kwa ndoo moja ya nyumbani tumia kilo 4 za ndizi zilizomenywa na lita 8 za maji. Ziponde, zichemshe kwa moto wa wastani saa mbili hadi tatu, ukikoroga na kuongeza maji ya moto yanapopungua, mpaka mchanganyiko uwe na rangi ya kutu. Uache upoe kabisa, uumimine kwenye ndoo safi ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, na uufunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Huu sasa ni nyangi. Usitumie ndoo ya bati wala pipa lililowahi kuwa na rangi, dawa au mafuta ya mashine, maana uchachu huyeyusha madini na kuyaingiza kwenye pombe.

Hapa ndipo mimi nilipokosea mara ya kwanza. Nilitumia ndoo iliyokuwa na mafuta ya kupikia, nikaiosha kwa sabuni na kuiona inang'aa, lakini siku ya tatu nyangi ilikuwa na utando juu na harufu ya mafuta yaliyooza, nikamwaga yote. Shangazi yangu wa Marangu, nilipomsimulia, aliniambia, "Mwanangu, ndoo haioshwi kwa macho," akanionyesha namna anavyoisuuza kwa maji yanayochemka, anaianika juani kutwa nzima, kisha anaingiza kichwa ndani na kunusa kabla ya kuitumia. Tangu siku hiyo nami hunusa.

Nyangi ikiwa nzuri, usiku wa pili au wa tatu, nyumba ikitulia, utasikia ndoo inanong'ona: viputo vidogo hupanda kutoka chini, hupasuka juu ya tabaka la nyuzi za ndizi, na harufu yake huwa ya matunda yenye ukali wa mbali. Katika joto la Dar es Salaam siku tatu au nne hutosha. Kwenye miteremko ya mlima, ambako usiku ni baridi, inaweza kufika wiki. Viputo vikipungua, chuja kwa kung'uto au kitambaa safi, ukikamua bila kutumia nguvu nyingi.

Siku hiyo hiyo pika mso. Koroga nusu kilo ya unga wa kimea katika lita 4 za maji, uchemshe kama uji mwepesi kwa nusu saa, na uuache upoe hadi mkono usihisi joto, kwa kuwa mso wa moto huua chachu iliyomo kwenye nyangi. Changanya na maji ya ndizi uliyochuja, funika, na kesho yake mbege itakuwa tayari, nzito kidogo, yenye utamu na uchachu pamoja. Wapishi wa jadi hutia msesewe, gome la mti linaloleta uchungu. Lina kemikali zenye nguvu, kwa hiyo asiyelifahamu kwa kufundishwa aliache, na mbege yake bado itakuwa mbege. Inywe siku hiyo au inayofuata, na ikibaki usiikaze kwenye chupa yenye kizibo, kwa kuwa bado inatoa hewa na chupa inaweza kulipuka.

Usijaribu kuikeneka pombe yoyote nyumbani. Gongo limekatazwa na sheria ya Tanzania, na pombe kali ya kificho inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Ukitaka kuuza hata mbege, utahitaji leseni.

Mvinyo unadai kazi ndogo zaidi. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wake wa kila siku, mweupe na mwekundu, hupatikana madukani kwa bei ambayo mvinyo wa Ufaransa haiwezi kuikaribia. Vitabu vya Ulaya husema mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba wanachokisema ni cha nyuzi 16 hadi 18, si sebule ya Kariakoo yenye nyuzi 30. Uweke kwenye friji saa moja hadi moja na nusu kabla ya chakula, na ukali wa pombe hautapanda puani. Mweupe uupoze saa mbili au tatu. Ukiona neno mkavu, maana yake sukari imeisha, na mkavu mwekundu hupendeza na nyama choma, ilhali mweupe hupendeza na samaki wa kupaka. Chupa iliyofunguliwa irudishiwe kizibo na ikae kwenye friji, hata kama ni mwekundu, na imalizwe ndani ya siku tatu hadi tano. Kwa anayekunywa glasi moja jioni, boksi la lita 3, ambalo ni sawa na chupa nne za mililita 750, linafaa zaidi, kwa kuwa mfuko wa ndani husinyaa bila kuingiza hewa na mvinyo hudumu wiki kadhaa.

Pima unachokunywa, maana nyumbani hakuna anayehesabu chupa. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi, na glasi ya mililita 150 ya mvinyo wa asilimia 12 ina karibu gramu 14, ilhali mbege haina kipimo kilichoandikwa popote, kwa hiyo inywe polepole na ukiwa umekula. Mjamzito asinywe pombe yoyote, wala asinywe anayekwenda kuendesha gari au pikipiki.

Machicha ya mbege yanayobaki kwenye kung'uto usiyatupe: jirani mwenye nguruwe au ng'ombe atayapokea kwa furaha, ila ampe mnyama kidogo kidogo na yakiwa bado mapya. Ndoo ioshwe usiku huo huo, kabla nyuzi za ndizi hazijakaukia ukutani mwake.