Kupima Salmonella kwenye dagaa wakavu kwa njia ya PCR

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia kijana aliyekuwa katika mafunzo kwa vitendo kupima dagaa walioanikwa mchangani kwenye mwalo mmoja wa hapa Mwanza. Kuotesha Salmonella, bakteria wanaosababisha kuhara na homa, kwenye sahani za maabara hadi kuithibitisha huchukua takribani siku tano, ilhali kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha vinasaba vya bakteria mara nyingi hadi mashine iweze kukiona, jibu la awali hupatikana siku ya pili. Anayekumbuka jinsi nchi za Ulaya zilivyozuia samaki wa Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 anajua uzito wa jibu hilo kwa mwenye mzigo.

Hatua ya 1: Kuandaa sampuli. Weka gramu 25 za dagaa kwenye mfuko tasa pamoja na mililita 225 za maji ya peptoni yenye bafa (mchuzi wa kukuzia bakteria), yaliyokwisha kufikia joto la chumba. Waache waloane dakika 30 bila kutikiswa, kwa kuwa bakteria waliodhoofishwa na ukavu huweza kufa wakirudishiwa maji ghafla.

Hatua ya 2: Kuatamisha. Nyuzijoto 37, saa 18, bila kufupisha. Hata mashine ya PCR iwe makini namna gani, seli moja iliyomo katika gramu 25 haitafika kwenye mikrolita 5 utakazopima mpaka iwe imezaliana. Umeme ukikatika usiku, andika saa ulipokatika na saa uliporudi.

Hatua ya 3: Kutoa vinasaba. Zungusha mililita 1 kwenye sentrifuji, mwaga maji, changanya mashapo na mikrolita 200 za maji tasa, pasha kwa nyuzijoto 95 kwa dakika 10, zungusha tena, kisha chukua maji ya juu.

Hapa ndipo tulipopoteza siku mbili. Sampuli zote nane zilionekana hasi na kidhibiti chanya (mrija uliowekwa vinasaba vya Salmonella kwa makusudi) kilifanya kazi vizuri, kwa hiyo kijana alikuwa tayari kuandika ripoti. Nilipofungua michoro ya mashine, ambamo mstari hupanda vinasaba vinaponakiliwa, niliona kwamba kidhibiti cha ndani, ambacho huwekwa katika kila mrija ili kuonyesha kwamba mmenyuko umefanyika, hakikupanda katika sampuli hata moja. Tulibadilisha vitendanishi, tukarudia, na hali ikabaki ileile. Tatizo lilikuwa dagaa wenyewe: mafuta yao, pamoja na asidi za udongo zinazotoka kwenye mchanga, huzuia kimeng'enya cha PCR. Majibu yale hayakuwa hasi. Yalikuwa batili, na mzigo wenye Salmonella ungeweza kupita.

Tangu hapo, baada ya kuatamishwa mfuko hutulia kwanza dakika 10 ili mchanga uzame, nami huvuta mililita 1 kutoka katikati, chini ya utando wa mafuta. Mashapo huoshwa mara moja kwa maji ya chumvi yaliyo tasa kabla ya kupashwa joto, na kila sampuli hupimwa mara mbili: ilivyo, na ikiwa imezimuliwa mara kumi. Iliyozimuliwa ndiyo iliyotuokoa. Tahadhari ni kwamba kuzimua hupunguza pia vinasaba unavyovitafuta, kwa hiyo usiache kupima ile isiyozimuliwa. Kwa sababu hiyohiyo sinunui vitendanishi visivyo na kidhibiti cha ndani, hata viwe vya bei nafuu. Stripu za haraka nazo sizipendekezi kwa dagaa, kwani zinahitaji bakteria wengi zaidi ndipo zionyeshe mstari.

Hatua ya 4: Mashine. Fuata maelekezo ya vitendanishi vyako.

Hatua ya 5: Kusoma majibu. Mstari wa jeni la invA, ambalo ni alama ya Salmonella, ukipanda, sampuli ni chanya ya awali. Usipopanda huku kidhibiti cha ndani kikipanda, ni hasi. Vyote viwili visipopanda, rudi hatua ya 3. Kila chanya ithibitishwe kwa kuotesha kutoka mfuko uleule: mililita 0.1 kwenye mchuzi wa Rappaport-Vassiliadis, unaoipendelea Salmonella, kwa nyuzijoto 41.5, kisha sahani yenye chakula cha bakteria kiitwacho XLD, ambako Salmonella kwa kawaida huota makoloni mekundu yenye kitovu cheusi. Mfuko ukae kwenye jokofu hadi uthibitisho ukamilike, ndipo upitishwe kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa moto) kabla ya kutupwa.