Mambo ya kuzingatia kabla uende chuo kusomea netiweki na sekyuriti

Kila KCSE ikitoka napigiwa simu. Leo ni mama wa huku kwetu Vihiga, kesho ni binamu ya mtu Kondele, ati kijana amepata C+ ama B na anataka kusomea hii mambo ya kuzuia wadukuzi, sasa wewe uko huko ndani tuambie. Na tangu Julai 2023 venye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, ilipigwa DDoS (kufurikishwa na maombi ya uongo) ikalala, hizo simu zimezidi. Sasa naandika hapa mara moja msome, mniache nifanye kazi.

Anza na kozi yenyewe. Usichague jina, chagua uniti. JOOUST (chuo cha Jaramogi Oginga Odinga) pale Bondo wako na digrii ya usalama wa kompyuta na forensiki, Maseno, Egerton na MMUST (Masinde Muliro) utapata kompyuta ya kawaida, na hiyo ya kawaida si mbaya vile watu wanadhani, mradi ndani yake kuna netiweki, opareting sistimu na programu za ukweli. Itisha orodha ya uniti za miaka yote minne kabla ujaze KUCCPS (wale wanagawa nafasi za vyuo), na ukiona chuo chochote mwaka wa pili bado mnafundishwa kuandika barua kwa Word, rudi nyuma polepole. Kuna mahali jina la kozi linatisha kuliko kozi yenyewe.

Hesabu utakutana nayo, usidanganywe. Kama huwezi niambia kwa kichwa netiweki ya ukubwa wa /26 ina anwani ngapi (64, unazoweza kutumia ni 62) fanya mazoezi hii likizo badala ya kulala.

Laptopu sasa. RAM 8GB ndio sakafu, 16 ukiweza, na SSD (ile diski ya kasi), hiyo SSD hatubishani. Utakuwa unawasha mashine pepe mbili tatu ndani ya moja, Kali (Linux ya watu wa sekyuriti) huku, Windows kule, na mashine ya 4GB itakulilia feni kama posho mili. Ex-UK za tauni ziko sawa lakini usilipe kabla haijawashwa bila chaja ukaona betri inashika dakika ngapi, na ingia BIOS (ile mipangilio ya kabla Windows iwake) hapo hapo dukani uangalie kama virtualaizesheni, yenye inabeba mashine pepe, inakubali kuwashwa. Mwenye duka akikukasirikia ondoka. Kazi yako weka mahali pawili, stima ya huku unaijua.

Sasa hii ya nne ndio imefanya niandike yote haya. Usiguse netiweki isiyo yako bila ruhusa. Najua unadhani naongea juu ya kudukua. Hapana, mimi sikudukua mtu, mimi nilichomeka kebo tu.

Nilikuwa mwaka wa pili, chuo fulani upande huu wa magharibi, jina nalimeza. Kwa hosteli kila rumu ilikuwa na tundu moja la kebo ukutani na sisi tulikuwa wanne. Basi nikatoka na karauta kazee nyumbani, nikasema nitawapatia wasee wangu Wi-Fi. Lekchara alikuwa ametufundisha DHCP, ile njia ya mashine kupewa anwani, wiki hiyo hiyo, kwa hivyo nilikuwa najiona injinia kamili. Rauta ya nyumbani iko na tundu moja lenye limejitenga, hilo ndio la intaneti kuingia, na mengine manne ya kutoa. Kebo ya ukutani nikaichomeka kwa moja ya yale manne. Taa zikawaka, nikafurahi, nikaenda kula.

Kwa wale hawajafika hapo: mashine ikiingia kwa netiweki inapiga kelele, nani ananipa anwani? Seva ya DHCP inajibu, shika hii, na ukitaka kutoka nje pitia mlango ule. Shida ni kwamba mashine haiulizi wewe ni nani na umetumwa na nani, mara nyingi anayejibu kwanza ndiye anaaminiwa. Seva ya chuo ilikuwa mbali huko kwa ofisi za ICT, karauta kangu kalikuwa hapo hapo kwa hosteli, kanajibu chapchap kama mtoto wa kutumwa. Kakaanza kugawa 192.168.1 kitu kitu kwa kila mtu, na kuwaambia mlango wa kutokea ni mimi, na hako hakakuwa na mlango wowote. Wenye walikuwa wameshika anwani tangu asubuhi hawakuguswa. Ni wale walitoka klasi wakafungua laptopu ndio walinasa, mmoja mmoja, ndio maana hakuna mtu alishtuka mara moja.

Hiyo siku ilikuwa ya mwisho ya kusajili uniti kwa potali. Ukichelewa unalipa faini.

Na mimi sasa, kwa ujuaji wangu, nikaanza kuzunguka rumu kwa rumu nikisaidia watu! Nikapiga ipconfig, amri ya kuonyesha anwani, kwa laptopu ya jirani, nikaona 192.168.1.104 na macho yangu mawili, nikamwambia tulia buda, seva ya chuo imekufa, hawa watu wa ICT hawajui kazi. Nikasema hivyo kama rumu sita hivi. Kuna dada mmoja wa nasing alikuja mpaka geti ya hosteli yetu kuuliza kama kuna mwenye bando, wao wote kwao imekataa. Hosteli yao na yetu zilikuwa swichi moja, ile boksi ya kuunganisha kebo.

Saa tatu usiku wanaume wawili wa ICT wakabisha. Hawakuuliza kitu. Mmoja akapindua rauta akasoma ile stika ya chini, akalinganisha na karatasi yake, akamwangalia mwenzake. Kumbe walichukua mashine moja yenye imenasa, wakaangalia MAC (namba ya kifaa chenyewe) ya huo mlango wa uongo, halafu wakaifuata kwa swichi, swichi ya kwanza, ya pili, mpaka tundu lenyewe, mpaka rumu yetu. Kitu nilikuja kufundishwa mwaka wa tatu nilionyeshwa usiku huo bure.

Nidhamu waliniita. Kuna mzee pale kwa meza alikuwa amekuja na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, akasoma kwa sauti: kuingia kwa mfumo bila ruhusa, faini mpaka milioni 5 ama miaka 3 ndani ama zote mbili. Mimi miguu haikuwa yangu. Lekchara wangu ndio aliniokoa, akawaambia huyu hakuingia popote, huyu ni mjinga tu, na swichi zenu pia zingekuwa zimewashwa DHCP snuping, ile kinga ya kuzuia seva za DHCP za uongo, hii kitu ingekufa kwa tundu lake. Hilo neno la mwisho hawakulipenda. Nikapewa barua ya onyo na nikatolewa hosteli wiki nane kabla semista iishe. Mama alikopa kwa chama nikalipa bedsita nje. Hiyo deni iliisha nikiwa nishamaliza chuo.

Kwa hivyo. Ukitaka kujaribu kitu, jaribu kwa Packet Tracer, programu ya kuigiza netiweki, ni ya bure, ama kwa mashine pepe zako zenye hazishikani na nje. Ukitaka kuskani mashine ya mtu yeyote, hata ya lab, hata ya cyber ya mjomba, pata ruhusa iliyoandikwa, iko na tarehe na anwani gani unaruhusiwa kugusa. "Lekchara alisema sawa" si ruhusa, siku ya nidhamu huyo lekchara anaweza kuwa Nairobi kwa semina.

CCNA, cheti cha netiweki cha Cisco, fanya kama uko na pesa, mtihani ni dola 300 na inakaa miaka 3 tu, kwa hivyo usiikimbilie mwaka wa kwanza ikuishie kabla hujaomba kazi. Maswali ya kununua Telegram achana nayo, mtu wa intavyuu anajua dakika ya pili.

Jifunze kukrimpi kebo, yaani kuibana kichwa. Siriasi. Siku ya kwanza ya atachimenti hakuna mtu atakuuliza mambo ya enkripsheni, utapewa krimpa na boksi ya RJ45, vile vichwa vya kebo, na uambiwe panda dari. Na kebo ya kopa (shaba) ikipita mita 100 usishangae ikianza kusumbua.

Halafu watu watakuja. Wakijua unasomea nini watakuja, huyu anataka WhatsApp ya bibi yake ifunguliwe, huyu analeta elfu tano umbadilishie D kwa potali, na huyo wa potali usicheke naye hata, usimjibu kwa meseji, hata ile ya utani. Paswadi yako usipeane, ya mwenzako usiichukue hata akikubembeleza umsajilie uniti. Risiti za fii piga picha. Chai weka mbali na kibodi.