Fuma glavu zote mbili kwa pamoja

Kwa mnaofumia madereva wa bodaboda hapa Tabora zile glavu ndefu zisizo na vidole, za baridi ya asubuhi ya Juni na Julai: msimalize ya kulia ndipo muanze ya kushoto. Zianze zote kwenye sindano moja ndefu, kila moja na bonge lake la uzi. Anza vitanzi 44, achia uzi huo, chukua bonge la pili, anza vingine 44. Kila mstari fuma ya kwanza, badili uzi, fuma ya pili, ndipo ugeuze. Mkono haukazi uzi sawasawa kila siku, ndiyo maana glavu ya pili hutoka fupi au pana; zikifumwa pamoja, mkazo ni mmoja, na kupunguza vitanzi kuelekea kifundo cha mkono kunaangukia mstari uleule. Mwishoni shona ubavu, ukiacha tundu la dole gumba, sentimita 5 hivi.

Nyuzi zikianza kusokotana, geuza kazi mara moja kulia, mara ifuatayo kushoto.

Sindano za spoku za baiskeli hazifai hapa. Ni fupi, vitanzi vinamwagika. Mapambo ya rangi tatu nne nayo yaacheni, mabonge yanakuwa mengi mno. Na tafadhali, usipumzike glavu moja ikiwa imefumwa mstari na nyenzake bado: ukirudi ni rahisi kugeuza vibaya, moja ikazidi.