Mofini ya maji hufuata saa, haingoji maumivu
Mgonjwa wa saratani akianzishwa huduma ya hospisi (matunzo ya kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi) nyumbani, iwe Makindye, Mbarara au Hoima nchini Uganda, mpeni mofini ya maji, dawa kali ya maumivu ya kunywa, kwa kufuata saa hata kama hasikii maumivu: saa 12 asubuhi, 4, 8, 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi maradufu, nesi akiagiza hivyo, ili alale hadi asubuhi. Nguvu ya dozi huisha baada ya takriban saa nne, na maumivu yakisharudi ni kazi kuyatuliza. Mofini hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha ianze siku hiyohiyo (hili husahaulika mno). Maumivu ya neva, yale ya kuchoma kama shoti, huhitaji dawa nyingine juu ya mofini. Figo zikiwa mbovu, ratiba hii haifai. Akisinzia hadi haamshiki, msimpe dozi inayofuata. Mpigieni nesi mara moja.